Fungu la Hewa la Mzee Pandu

Paukwa! Na mkiitika pakawa, mmeitika wenyewe. Asije mtu kesho akasema nilimshawishi.

Palikuwa na nchi, jina lake limenitoka, na nyinyi nawaomba liwatoke. Nchi hiyo ilikuwa na jua la kutosha kuuza nje, upepo wa bure, na serikali iliyowapenda watu wake kupita kiasi. Nasema kupita kiasi kwa nia njema kabisa. Serikali nyingine huwapenda watu wake msimu wa kura, basi. Hiyo iliwapenda hata wakiwa wamelala, ikawa inataka kujua wamelala wapi, wamelala wangapi, na wakiisha kulala wanavuta hewa gani.

Ndipo ikaunda Wizara ya Makazi ya Mfano, na juu yake ikamweka Mheshimiwa Kitunzi, mtu mnene wa mwili na wa maneno, ambaye hajapata kukosa kongamano hata moja la ng'ambo linalohusu nyumba za maskini. Mwenyewe alikuwa akisema kwa unyenyekevu kwamba nyumba za maskini amezisomea katika hoteli bora kuliko zote duniani. Safari moja akarudi na mchoro. Ukapokewa kwa ngoma uwanja wa ndege, ukapandishwa gari la peke yake, na Mheshimiwa akaufuata nyuma kwa gari jingine, maana hakutaka kuubana.

Mchoro wenyewe una historia, na historia haina aibu, tuiseme. Zamani za mababu wa mababu, katika nchi moja ya baridi yenye viwanda na moshi wa makaa, vibarua walikuwa wakilala vyumba vya chini ya ardhi, watu wanane kitanda kimoja, kipindupindu kinawafyeka. Bwana mmoja mwenye mali akawaona akalia. Machozi ya kweli, hapo simfanyii mtu mzaha. Akachora nyumba ya kibarua: ina bustani, ina kisima safi, ina choo cha kila familia, kodi yake ndogo, ina dohani ya kutolea moshi, na kila mtu ndani amepimiwa hewa yake ya kutosha. Akaijenga kwenye maonyesho makubwa, ulimwengu mzima ukaja kuitazama.

Jirani yake akanakili mchoro, ila kwao ardhi ilikuwa ghali, akaifuta bustani. Aliyenakili kwa jirani akaona kisima kinamla faida, akakifuta. Wa tatu akasema vibarua wa kwake wamezoea kwenda vichakani, akafuta choo. Wa nne hakufuta kitu, alipandisha kodi tu. Wazo nalo ni msafiri, likitembea sana linatua mizigo njiani. Hili lilitembea miaka mia na hamsini, nchi kwa nchi, kongamano kwa kongamano, likamfikia Mheshimiwa Kitunzi limebaki dohani na kipimo cha hewa. Wataalamu wa Wizara wakalitazama, wakasema hii ndiyo sayansi ya kisasa.

Basi ikatoka sheria: kila raia atapewa fungu lake la hewa, lisipungue wala lisizidi, na nyumba isiyo na mafungu ya wakaaji wake itavunjwa kwa faida yao.

Sasa twende kwa Mashavu binti Kheri, maana haya yote yalimwangukia yeye. Mashavu alikuwa mama wa makamo, mpika vitumbua wa mtaa wa Kwa Mchanga, ana mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mumewe ni Mzee Pandu, aliyefanya kazi ujana wake wote katika kiwanda cha kuchambua pamba, akatoka na pensheni ya pumu. Kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Siku mbaya alikaa kitako ameshika magoti, macho yamemtoka, anaitafuta pumzi kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya kitanda.

Kwa ajili ya kifua hicho Mashavu alijenga nyumba. Kuta za udongo, paa la makuti, na kati ya kuta na paa aliagiza uachwe mwanya mkubwa pande zote, paka apite na mwenzake. Mafundi walimcheka wakamwambia mama, hii nyumba au tenga? Akawajibu wajenge, wakimaliza wacheke. Ikawa upepo unaingia kwa uani, unatokea barazani, na Pandu kalala katikati juu ya kitanda cha kamba, anapumua. Mashavu hakuwa na haja nyingine duniani iliyopita hiyo. Akisikia ile pumzi inakwenda na kurudi, anageuza vitumbua vyake kwa raha zake.

Afisa Hewa wa mtaa alikuwa Ngwali, kijana wa hapo hapo, aliyekuzwa na vitumbua vya Mashavu tangu hajaota meno ya mbele. Wizara ilimvisha koti zito la sufu lenye vifungo vya shaba mpaka kooni, maana ndivyo lilivyokuwa kwenye picha ya ng'ambo. Akaja siku ya kupima, jasho linamtiririka, akaamkia shikamoo kwa adabu, akafunga mlango, akafunga madirisha. Akapima urefu akapima upana. Alipopanda kigoda apime kwenda juu, akaona ukuta umekwisha na paa halijaanza. Akapenyeza mkono, mkono ukatokea nje, kuku wa jirani wakashtuka.

Akashuka, akafikiri sana, mpaka Mashavu akamwonea huruma akamletea maji.

"Mama," alisema Ngwali, "nyumba hii haina hewa."

"Mwanangu, kofia yako si ndiyo hiyo imepeperuka sasa hivi?"

"Huo ni upepo, mama. Upepo unapita. Hewa ni ile iliyokaa ikahesabika. Hii yenu haikai."

Pandu kutoka kitandani akauliza, kwa pumzi nzuri kabisa ya siku hiyo, kama yeye basi anavuta nini. Ngwali akainama. Akajibu kwamba kisheria, mzee havuti kitu.

Mashavu hakukubali. Akavaa kanga zake za kutokea, akaenda Baraza la Rufaa la Wizara, jumba lenye milango mikubwa na viyoyozi vinavyonguruma. Siku hiyo Mheshimiwa Kitunzi alikuwepo mwenyewe, kwa kuwa ng'ambo kulikuwa na theluji. Mashavu akaeleza habari ya pumu, ya pamba, ya mwanya. Akasema hana ubishi na serikali, mwenye nguvu mpishe. Wampeleke wanakotaka, nyumba wavunje, ila huko waendako mumewe aachiwe tundu la kupitisha upepo. Ombi lake ni hilo tu, tundu.

Mheshimiwa akasimama polepole, kwa vipande.

"Tundu!" alisema. "Ndugu wajumbe, wenzetu duniani wametumia miaka mia na hamsini kuziba matundu. Wametoka gizani kwa kuziba. Leo tunasimama mlangoni pa maendeleo, mama huyu anatuomba tundu!"

Baraza likapiga makofi. Mheshimiwa akaendelea mpaka adhuhuri. Alisema kwamba hewa ni kama mtoto, isipofungiwa inaharibika tabia. Kwamba taifa lisilojua hewa yake iko wapi haliwezi kujitetea. Na kwamba mwaka huo huo Kongamano la Dunia la Makazi Bora litafanyika nchini kwao kwa mara ya kwanza, wageni watakuja, na mgeni njoo mwenyeji apone. Mwishowe akatoa hukumu ya huruma. Mashavu na mumewe watapewa nyumba ya mfano, tena mstari wa mbele, wageni watakapopita. Mashavu akaambiwa ashukuru. Akashukuru, maana mlinzi alikuwa amesimama karibu.

Nyumba ya Kwa Mchanga ilivunjwa kwa sherehe, utepe ukakatwa kabla ya ukuta wa kwanza kuanguka. Baraza la Mzee Pandu, ambapo wazee wenzake walikuwa wakija kucheza bao na kusutana, lilivunjwa la mwisho. Lilikuwa gumu.

Nyumba ya mfano ilikuwa chumba cha matofali mekundu, mlango mmoja, dirisha dogo la kioo lililobanwa kwa lipu, na ndani ukutani meko ya kuotea moto, juu yake dohani ndefu. Paa lilichongoka ili theluji iteleze. Mpaka leo haijateleza, lakini paa liko tayari. Ngwali alikuja akapima. Mafungu mawili kamili, la bwana na la bibi, hayakupungua hata ukucha. Alifurahi kweli kijana yule, akamwambia Mashavu mnaona mama, sasa mna hewa. Ilikuwa ile ile waliyoikuta humo tangu wajenzi walipofunga mlango, ina harufu ya chokaa.

Pandu alianza kukohoa siku ya kwanza.

Mashavu akajaribu kila njia. Akatoboa lipu ya dirisha kwa kisu cha jikoni, adhuhuri, watu wakiwa wanakula. Ngwali akapita, akaona, akageuza uso, lakini nyuma yake alikuja mkaguzi wa mkoa, na kosa likaandikwa: kuvujisha hewa ya umma. Lipu ikarudishwa, nene zaidi. Akamtoa mumewe nje akamkalisha kizingitini, kama watu wote wa nchi ile walivyokaa vizingitini tangu Nuhu hajajenga safina. Nalo ni kosa. Huko mchoro ulikotoka, vibarua waliokaa vizingitini walikunywa pombe na kuambukizana maradhi, kwa hiyo kubarizi kumekatazwa. Mashavu akasema mzee huyu hanywi hata togwa. Mkaguzi akamweleza kwa upole kwamba tatizo si pombe peke yake. Fungu la mzee liko ndani. Akikaa nje, anavuta la nani?

Mashavu alimwingiza mumewe, akamweka chini ya dirisha, akaanza kumpepea kwa kipepeo cha ukili, cha kuchochea makaa. Alipepea asubuhi, alipepea mchana. Vitumbua aliviacha. Hewa ya chokaa ikaenda ukutani ikarudi.

"Mama Rehema, pumzika," Pandu alimwambia. Rehema ni binti yao, aliyeolewa mbali. "Mkono utakukatika."

"Ukatike," alisema Mashavu. "Ninao mwingine."

Alikuwa akilia, na hakujificha.

Kongamano likafika. Siku mbili kabla, Wizara iligundua jambo la fedheha: dohani zote za mtaa wa mfano zilikuwa safi. Hakuna aliyewasha moto chumbani, nani awashe, nchi ile hata kivuli kinatoka jasho. Wanawake walipika nyuma ya nyumba kwa kujificha, juu ya mafiga, kama walivyofundwa. Mheshimiwa Kitunzi akashika kichwa. Dohani isiyotoa moshi, alisema, ni kama mwanamume aliyevaa saa iliyosimama. Wageni wataelewa kwamba tumeijenga bila kuielewa. Ikatoka amri kwamba siku ya ziara kila meko iwashwe na kila familia ikae mbele ya moto wake kwa furaha.

Mashavu alimfuata Ngwali njiani. Hakumwita afisa. Alimwambia, "Ngwali, mwanangu, ukiwasha moto mle ndani utamuua baba yako."

Kijana alifungua vifungo vya koti, akavifunga. Akasema hana uwezo wa kuiacha nyumba moja, tena ya mstari wa mbele. Alichoweza ni kuahidi kwamba moto wa kwao utawashwa mwisho kabisa, magari ya wageni yakiwa yameshaonekana, kidogo tu, kwa makumbi ya nazi, na wakipita utazimwa hapo hapo. Mashavu alimshika mikono akamshukuru. Lilikuwa tumaini dogo, akalibeba kama yai.

Ngwali alitimiza ahadi. Magari yalipoonekana, aliwasha mwenyewe. Ila wageni hawakuteremka, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa na hotuba fupi pale mlangoni pa mtaa. Alianza na historia ya nyumba tangu pango. Makumbi yakaungua, mkaguzi wa mkoa akaongeza kuni. Dohani, ambayo mjenzi aliijenga kwa kutazama picha ya nje tu, haikuwa na tundu mpaka juu. Moshi ulipanda kidogo, ukafikiri, ukarudi chumbani. Kwa nyumba zote ilikuwa hivyo hivyo, na mafundi wa Wizara walikuwa wamefunga mikebe ya matairi yanayoungua juu ya mapaa ili kwa nje moshi uonekane.

Mlango ulikuwa umeshikwa na askari, familia isije ikatoka kwenye furaha yake. Ndani, Pandu alikaa kwenye kiti cha maonyesho, ameshika magoti. Mashavu alipepea kwa mikono miwili.

Wageni wakaingia hatimaye, wanapangusa macho. Alikuwemo bibi mmoja mtaalamu wa nyumba kutoka nchi ile ile ya baridi, mtu mzima, mpole. Alikohoa, akauliza kwa lugha yake kwa nini watu wawashe moto kwenye joto hili. Mkalimani wa Wizara akamgeukia Mheshimiwa.

"Mwambie ni utamaduni wetu," alisema Mheshimiwa.

Yule bibi aliposikia neno utamaduni alirudi hatua nyuma na kuinamisha kichwa kwa heshima. Alikuwa ameshaufungua mdomo aombe moto uzimwe, akaufunga. Badala yake akasema kwamba kwao nyumba za namna hii zilivunjwa zama za bibi yake, watu waliugua vifua. Siku hizi wajenzi wao wanaacha mwanya kati ya ukuta na paa, hewa ipite, na fikra hiyo waliipata katika picha za zamani za nchi hii hii. Mheshimiwa aliitikia kwa kichwa, akamwagiza msaidizi wake ayashike hayo, ni mapya.

Mashavu alimvuta mkalimani mkono. "Mwambie mume wangu hapumui."

"Anasema karibuni sana," mkalimani akatafsiri.

Basi Mashavu akaokota mchi wake pembeni akauvurumisha kwenye dirisha, kioo kikamwagika nje chote. Wageni walikuwa wameshaambiwa habari ya utamaduni, wakapiga makofi kidogo, wasionekane hawakuelewa. Yule bibi peke yake hakupiga. Alikuwa anamtazama Pandu. Upepo uliingia vizuri, ukapita juu ya kiti, ukamfika usoni, na Pandu hakuwa na haja nao tena.

Maiti haihesabiwi hewa, kwa hiyo kuosha hakukuwa na matatizo. Serikali ilitoa sanda. Dirisha lilizibwa kwa mbao kabla jeneza halijafika makaburini, na redio ikatangaza siku ya pili yake kwamba Wizara, kutokana na utafiti wa kina uliofanywa ng'ambo, imebuni nyumba mpya ya mfano yenye mwanya chini ya paa. Za kwanza zitajengwa Kwa Mchanga, mahali palipokwisha kusafishwa, na Waheshimiwa watakaa humo wao kwanza, wananchi wasije wakadhurika na majaribio.

Mashavu aliyasikia hayo akiwa amekaa eda, mkekani, mle mle chumbani. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na mjane hatoki.

Watu wa Kwa Mchanga walikuja matanga kama ilivyo desturi, wanawake na mikeka yao, waje walale na mfiwa, walie naye, wampikie, mtu asibaki peke yake na msiba. Wakamkuta Ngwali mlangoni. Sheria ni ile ile, mafungu mawili, na la mjane moja. Lakini kijana alikuwa amehangaika Wizarani, amepiga magoti kwa wakubwa, akapata upendeleo: fungu la marehemu lisirudishwe serikalini mpaka matanga yaishe. Waombolezaji wataingia mmoja mmoja, walitumie.

Wakapanga foleni juani. Aliingia jirani, akakaa, akamshika Mashavu mkono, akalia kwa kipimo, akatoka. Akaingia mwingine. Mashavu alikuwa akitazama vifua vyao vikipanda na kushuka, mtu baada ya mtu.

Wa mwisho alikuwa Ngwali mwenyewe. Alivua koti akaliacha nje, akaja akakaa mkekani mbele ya yule mama, ameinama, mdomo kaubana, haonekani hata kupumua.

"Vuta, mwanangu," Mashavu alimwambia. "Mwenyewe hakuigusa."

Ngwali alijizuia alivyoweza. Halafu akavuta.